Unataka kuandika simulizi ya madruidi? Fuata hatua hizi

Wadau wa simulizi, hii mada nimeiahirisha muda mrefu ila leo naiandika yote. Kila nikikuta stori ya Kiswahili yenye druidi ndani yake nakuta mzee wa ndevu nyeupe, fimbo inawaka moto, anaongea na mbwamwitu, akimaliza anapotelea kwenye ukungu, basi. Inaniuma kweli, maana hawa watu walikuwepo, walikuwa wasomi wa dini, waamuzi wa kesi na walimu wa makabila ya kale, waliishi Galia (ndiyo Ufaransa ya leo na maeneo ya jirani), Uingereza na Ireland, na kazi walizokuwa wanafanya zinatosha kukupa simulizi ya sura 40 bila kuongeza hata tone la uchawi wa kwenye muvi. Ntakupa njia ninayotumia mimi, na njiani ntakuwa natumia mfano wa stori moja ili uone kila hatua inavyokaa.

Hatua ya 1: Jua kwanza ni nani anakusimulia

Usiruke hapa hata kama una haraka. Madruidi hawakuandika mafundisho yao. Sio kwamba hawakujua kuandika, Julius Caesar mwenyewe, jenerali wa Kirumi, anasema kwenye shughuli nyingine kama hesabu za watu walitumia herufi za Kigiriki, ila elimu yao ya dini walikataa kuiweka kwenye maandishi, na anatoa sababu mbili, kwamba hawakutaka iangukie mikononi mwa kila mtu, na kwamba mwanafunzi akishategemea maandishi anaacha kukitumia kichwa chake. Sasa matokeo yake ni kwamba karibu kila tunachokijua kimetoka kwa wageni, na wengi wa hao wageni walikuwa maadui.

Caesar alipigana Galia toka 58 mpaka 50 KK na aliandika akitaka watu wa Rumi wamshangilie. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, ndiye anayetusimulia Warumi walivyokishambulia kisiwa cha Mona huko Wales, ameandika miaka zaidi ya 50 baada ya tukio, na baba mkwe wake Agricola alitumikia jeshi la Uingereza chini ya jenerali yuleyule aliyekishambulia kisiwa, kwaiyo unaona habari imepitia upande gani. Pliny, yule Mrumi aliyekufa mwaka 79 BK mlima Vesuvius ulipolipuka, alikuwa mkusanyaji wa habari za kila aina, mimea, mawe, wanyama, na ndani humo kaweka na za madruidi. Diodorus na Strabo, waandishi wa Kigiriki, wamechukua mengi kwa Posidonius, Mgiriki aliyefika Galia mwenyewe lakini vitabu vyake vimepotea. Alafu kuna Cicero, mwanasheria wa Rumi, huyu mpende sana, maana ndiye anayesema wazi kwamba alimfahamu druidi uso kwa uso, anaitwa Diviciacus wa kabila la Aedui, alikuja Rumi kuomba msaada wa kijeshi. Hebu fikiria tu hilo tukio, druidi amekaa kwenye nyumba ya mwanasheria wa Kirumi wanaongelea nyota na ubashiri. Hiyo peke yake ni stori nzima na sijaona mtu aliyeiandika kwa Kiswahili.

Za Ireland ni tofauti, zile ziliandikwa na watawa wa Kikristo karne nyingi baadaye, zina druidi kama Cathbad wa mfalme wa Ulster, zina na wanawake madruidi, ni tamu mno ila zimepita kwenye mkono wa mtawa.

Kwaiyo chukua daftari, chora safu tatu. Ya kwanza andika "adui kasema". Ya pili "kimechimbwa ardhini". Ya tatu "nimebuni mimi". Kila kitu unachotaka kukiweka kwenye stori kipeleke kwenye safu yake. Kubuni ruksa kabisa, ndiyo kazi yetu, ila ujue unabuni lini. Mimi hili daftari ndilo limenikomboa, kabla yake nilikuwa nachanganya kila kitu na wasomaji wakiuliza nashindwa kujibu.

Hatua ya 2: Chagua sehemu moja na mwaka mmoja

"Hapo zamani za kale kwa madruidi" haitoshi. Druidi wa Galia wakati wa vita ya Alesia, 52 KK, kiongozi wa Wagalia Vercingetorix anazingirwa na Warumi, sio sawa na druidi wa Ireland karne ya tano anayeona Wakristo wa kwanza wanashuka kwenye mashua. Kati yao kuna miaka karibu 500, lugha tofauti, wafalme tofauti, maadui tofauti.

Na tafadhali usiwapeleke Stonehenge kama nyumbani kwao. Yale mawe makubwa yalisimamishwa kama miaka 2500 KK, Caesar alipokuja tayari yalikuwa ya kale mno kwa kila mtu. Waliowaunganisha ni wasomi wa Kiingereza wa karne ya 17 na 18, akina John Aubrey na William Stukeley, na baada yao akaja Iolo Morganwg wa Wales aliyefanya sherehe yake London mwaka 1792 na kutunga nyaraka akidai ni za kale. Mengi unayoyaona kwenye picha leo yametoka kwa hawa. Druidi wako anaweza kupita karibu na yale mawe akajiuliza nani aliyajenga, hiyo inakaa vizuri sana, ila asiwe fundi wake.

Mfano wetu: kisiwa cha Mona, leo kinaitwa Anglesey au Ynys Môn, kaskazini magharibi mwa Wales. Mwaka 59 BK, yaani mwaka mmoja au miwili kabla Warumi hawajavuka. Mhusika ni binti, mwanafunzi, yuko mwaka wake wa 12 wa masomo. Nimempa jina Boudilla, mwalimu wake Senovindos, majina ntayaeleza chini huko.

Hatua ya 3: Mpe druidi kazi

Hapa kaa. Waandishi wengi wanamuweka druidi msituni anangoja shujaa aje kumuuliza swali. Kwa Caesar druidi ana siku ndefu sana. Anaamua kesi, za mauaji, za urithi, za mipaka ya mashamba. Anasimamia matambiko ya watu na ya kabila. Halipi kodi, haendi vitani. Anafundisha vijana, wengine mpaka miaka 20. Anasoma nyota na ukubwa wa dunia. Mara moja kwa mwaka wote wanakutana kwenye nchi ya Wacarnutes, palipohesabiwa ndiyo katikati ya Galia, watu wenye kesi wanatoka kila upande kuzileta pale. Na wana mkuu wao mmoja, akifa anarithi aliyewazidi wenzake, wakilingana wanapiga kura, na mara nyingine, Caesar anasema, waligombania kwa silaha. Unaona ploti hiyo? Uchaguzi wa mkuu wa madruidi unaoishia kwenye mapanga!

Adhabu yao kubwa ilikuwa kumzuia mtu asishiriki kafara. Ukisoma haraka unaona ni adhabu ndogo, lakini aliyezuiwa watu wanamkimbia njiani, hawaongei naye wasije wakaambukizwa balaa lake, akileta kesi hasikilizwi, heshima hapewi. Yaani mtu anakuwa hai ila kijiji kimemzika. Andika sura moja ya mtu huyu. Anaingia kwenye nyumba ya ndugu yake na kila mtu anageuka kuangalia moto. Hauhitaji fimbo inayowaka.

Diodorus anaongeza jambo ninalolipenda kuliko yote, kwamba majeshi mawili yakiwa yameshakaribiana, panga ziko nje na mikuki imeinuliwa, hawa watu walikuwa wanatoka na kusimama katikati, na majeshi yanaacha. Sasa kaa na swali hilo wewe kama mwandishi: mtu asiye na silaha anasimamishaje watu elfu tano wenye hasira? Jibu lako ndiyo druidi wako.

Na neno. Wengi mnaandika "mganga" au "mchawi". Mchawi futa kabisa, kwetu mchawi ni mtu wa kudhuru usiku, ukimwita hivyo tayari umeshamhukumu kwa macho ya Mrumi. Mganga ni robo tu ya kazi yake. Kuhani ni karibu, ila kuhani haamui kesi ya mpaka wa shamba. Mi nashauri uache "druidi" kama lilivyo, ukurasa wa kwanza muoneshe anafanya kazi, msomaji ataelewa mwenyewe. Ila kwa wale wenzao wawili ambao Strabo anawataja pamoja nao, Kiswahili kimetupa maneno mazuri tayari: wale waimbaji na watunzi wa sifa ni malenga, na wale wasomaji wa ishara ni wabashiri. Malenga wa Kigalia ana kinubi, anamsifu mkubwa aliyemlisha na anaweza kumtukana vilevile, malenga yeyote wa pwani angemuelewa.

Hatua ya 4: Panga muda wao, usiwape saa yako

Hapa Kiswahili kinatubeba kuliko Kiingereza. Caesar anasema Wagalia walihesabu muda kwa usiku, sio kwa mchana, siku za kuzaliwa na mwanzo wa miezi na miaka wanazihesabu usiku ukitangulia na mchana ukifuata. Sasa bibi yako wa pwani anasema "usiku wa Ijumaa" akimaanisha Alhamisi jua likishazama. Ni hesabu ileile! Kwaiyo andika kwa raha zako, "usiku wa sita wa mwezi", "baada ya masiku tisa", haitasikika kama tafsiri.

Ila kuna mtego. Sisi jua linachomoza na kuzama karibu muda uleule mwaka mzima, ndiyo maana saa zetu zinafanya kazi. Mona iko mbali sana kaskazini. Mwezi wa 6 mchana wa pale unakaribia masaa 17, mwezi wa 12 hata masaa 8 haufiki. Ukiandika "saa moja jioni giza likaingia" katikati ya kiangazi umeharibu. Toa saa zote, toa dakika zote. Andika jua, kivuli, umande, ng'ombe wanarudi, moto umebaki makaa. Na tumia huo urefu wa usiku, usiku wa masaa 16 wa majira ya baridi ndiyo wakati wa kufundishia, watu wamejifungia na kondoo na moshi, mwalimu anasema beti na mwanafunzi anarudia.

Kwa kalenda nenda kwenye bamba la shaba la Coligny. Lilikutwa vipandevipande mwaka 1897 mashariki mwa Ufaransa, saivi liko makumbusho ya Lyon. Limeandikwa Kigalia kwa herufi za Kilatini, ni la karne ya pili hivi, tayari Warumi wanatawala. Lina miaka mitano, miezi 62, yaani miezi 12 kila mwaka na miwili ya kuongezea ili mwezi na jua visipishane sana. Mwezi wa siku 30 umewekewa alama MAT, wa siku 29 ANM, na wengi wanazisoma kama mwezi mwema na mwezi usio mwema. Majina ya miezi ni kama Samonios, Giamonios, Equos, Cantlos. Wakati druidi wako anapanga harusi au safari mpe hili tatizo, mkuu wa kabila anataka kuondoka mwezi huu na druidi anamwambia huu ni ANM. Umepata mgogoro kwenye mstari mmoja.

Hatua ya 5: Nyumba, chakula, nguo

Hii fupi. Nyumba zao Uingereza zilikuwa za msonge, kabisa msonge wetu, fito na udongo, paa la nyasi linashuka karibu na chini, moto katikati, hamna bomba la moshi, moshi unachuja kwenye nyasi na nyama zinaningʼinia humo zinakauka. Mlango mara nyingi unaangalia mashariki au kusini mashariki. Ukikulia kwenye msonge au umewahi kulala humo una faida kubwa kuliko mwandishi wa London, tumia pua yako.

Chakula: ngano, shayiri, kunde za aina ya bakla, nguruwe, ng'ombe wadogo, kondoo, maziwa, jibini, asali, pombe ya shayiri na pombe ya asali ambayo ndugu wa Tabora mnaiita wanzuki. Hamna viazi, hamna mahindi, hamna nyanya, hamna pilipili, hivyo vyote vilikuwa bado Amerika. Hamna sukari. Hamna sungura wa kufugwa. Na hiki wengi hawajui, Caesar anasema Waingereza waliona ni mwiko kula sungura pori, kuku na bata bukini, walikuwa wanawafuga hao ndege kwa kujifurahisha tu. Mweke mgeni Mrumi anachinja kuku mbele ya mwenyeji wake uone sura inavyowaka.

Mvinyo ulitoka Italia kwenye mitungi, na Diodorus anasema mfanyabiashara alikuwa anampa Mgalia mtungi mmoja anapewa mtumwa. Usipite haraka hapo. Mtungi mmoja, mtu mmoja.

Nguo, Wagalia walivaa suruali na mashuka mazito ya kujifunga begani yenye mirabamiraba, wakubwa na mkufu mzito wa dhahabu uliosokotwa shingoni. Vazi jeupe la druidi tunalipata kwa Pliny, kwenye ibada, usimvalishe kila siku akienda kuamua kesi ya nguruwe kwenye matope.

Hatua ya 6: Andika ibada kwa mikono, sio kwa maneno makubwa

Kosa la kwenye ibada ni kuandika "nguvu za kale zikazunguka". Hiyo haioni mtu. Nenda kwenye vitendo. Pliny katuachia ibada ya mwaloni karibu hatua kwa hatua. (Mwaloni ni uleule wa mialoni ya Mamre mnaousoma kwenye Biblia, msiubadilishe uwe mbuyu.) Juu ya mwaloni mara chache unaota mmea wa kudandia, jamii ya vile virukia tunavyoviona kwenye miembe, unabaki kijani wakati mwaloni wenyewe umepukutika majani yote, ndiyo maana uliwashangaza. Unakatwa usiku wa sita wa mwezi. Chini ya mti kunaandaliwa kafara na karamu. Wanaletwa madume wawili weupe wa ng'ombe ambao pembe zao ndiyo mara ya kwanza kufungwa. Druidi wa vazi jeupe anapanda, anakata kwa mundu wa dhahabu, wa chini wanaudaka kwa shuka jeupe. Madume wanachinjwa na dua inasomwa. Kinywaji chake waliamini kinampa uzazi mnyama tasa na kinazuia kila sumu.

Sasa kazi yako ni maswali madogo. Dhahabu ni laini, haikati vizuri, je mundu ulikuwa wa shaba uliopakwa dhahabu? Mzee wa miaka 60 anapandaje mwaloni wenye barafu? Nani anamshika dume ambaye hajawahi kufungwa pembe? Ukijibu hayo matatu ibada inasimama yenyewe.

Nyingine ambayo watu hawaitumii: mmea anaouita selago. Mchumaji asitumie chuma, avae nyeupe, miguu imeoshwa na iko peku, kabla ya hapo ametoa mkate na mvinyo, alafu mkono wa kulia unapenya kwenye uwazi wa kushoto wa vazi, kama mwizi. Kama mwizi! Mimi nikisoma hapo huwa naona mtu anauomba mmea msamaha huku anauiba. Boudilla nimempa kazi hii, akiwa na miaka 15, peku kwenye umande wa baridi, na anakosea mkono.

Na chagua neno la Kiswahili kwa makini. Sadaka ina msikiti na kanisa ndani yake. Kafara ni kuchinja kwa ajili ya kuondoa balaa. Tambiko linagusa mizimu na ukoo. Sio maneno ya kubadilishana ovyo, kila tukio lina lake. Maneno kama amina, shetani, jini, malaika yaache nje ya mdomo wa mhusika wako, bado hayajafika kwake.

Hatua ya 7: Usiikwepe damu

Caesar anasema walichoma watu ndani ya masanamu makubwa ya matawi yaliyosukwa. Tacitus anasema Mona walilowesha madhabahu kwa damu ya mateka na kusoma matumbo ya watu. Maadui hao, kumbuka safu ya kwanza ya daftari. Warumi walikuwa na sababu ya kuwafanya waonekane wanyama, na wao wenyewe walijaza viwanja kuangalia watu wakiuana.

Lakini safu ya pili nayo ina kitu. Agosti 1984, kwenye kinamasi cha Lindow huko Cheshire, wachimbaji walikuta mwili wa mwanaume kijana, ngozi imehifadhiwa na kinamasi, kapigwa kichwani, kanyongwa kwa kamba, koo limekatwa. Tumboni kulikuwa na mkate wa nafaka na chembe chache za chavua ya ule mmea wa kudandia. Leo yuko makumbusho ya Uingereza, London. Hakuna maandishi yanayosema alitolewa kafara, inabaki kwako kuamua, ila uamue ukimuangalia usoni.

Na kisiwani Mona penyewe, mwaka 1942 wakati wa kujenga uwanja wa ndege za kivita, mafundi walichimba udongo kwenye ziwa dogo la Llyn Cerrig Bach ukatoa panga, mikuki, vipande vya magari ya farasi, masufuria ya shaba, vitu zaidi ya 150, vyote walivitupa majini watu wa kale kwa makusudi. Kulikuwa na mnyororo wa chuma wa kufunga watu shingoni. Mafundi hawakujua ni nini, wakautumia kuvutia magari yaliyokwama, na ulihimili. Nilipoligundua hilo nilishindwa kuandika siku mbili. Kwenye stori yangu huo mnyororo unatupwa ziwani mbele ya Boudilla, na bado nahangaika na swali moja, waliokuwa wamefungwa nao wako wapi siku hiyo.

Usiwafanye madruidi malaika wa msituni. Usiwafanye mashetani. Mwalimu anayempenda mwanafunzi wake kama mwanawe anaweza kuwa ndiye anayeshika kamba. Ukiweza kuandika hiyo nafsi moja umefika.

Hatua ya 8: Majina na miungu

Usichanganye. Lugh na Dagda ni wa Ireland. Taranis, Esus na Teutates ni wa Galia, mshairi wa Kirumi Lucan anawataja. Epona wa farasi, Cernunnos wa pembe jina lake limechongwa kwenye nguzo ya Paris. Andraste ndiye aliyeombwa na Boudica, malkia wa Uingereza aliyewaasi Warumi. Kwa majina ya watu unga vipande vya kweli: boudi ni ushindi, artos dubu, vindo nyeupe, seno mzee, catu vita, rix mfalme. Hivyo ndivyo nilivyompata Boudilla na Senovindos.

Hatua ya 9: Sauti ya kufundisha

Elimu yote ilikuwa kichwani, kwa beti. Kama umewahi kukaa madrasa ukahifadhi, au umemsikia mzee anayeshusha utenzi wa beti mia bila karatasi, unajua mwili unavyofanya, kuyumba, kupumua, beti ikiponyoka jasho linakutoka. Weka hilo. Diogenes Laertius, mwandishi wa Kigiriki, anasema walifundisha kwa mafumbo: heshimu miungu, usitende ubaya, uwe jasiri. Vitu vitatu vitatu hivi, mpe mwalimu wako huo mdundo.

Mfano kutoka sura yangu ya pili:

"Beti ilikuwa imemponyoka na mzee Senovindos hakumsaidia. Moshi ulikuwa umeshuka chini, kondoo mmoja alikuwa anakohoa gizani, na mwezi wa siku sita ulishaanza kuinamia upande wa Ireland.
'Anza upya,' mzee alisema.
'Toka wapi, mwalimu?'
'Toka mwaka uliokuja.'"

Druidi hapo hajafanya muujiza wowote. Ameomba miaka 12 irudiwe usiku mmoja.

Hatua ya 10: Wavushe Warumi, alafu usimalize hapo

Mwaka 60 au 61 jenerali wa Kirumi Suetonius Paulinus anafika kwenye mlangobahari wa Menai. Askari wa miguu wanavuka kwa mashua za chini bapa, wa farasi wanapita penye kina kifupi au wanaogelea na farasi wao. Ng'ambo kuna watu wenye silaha, katikati yao wanawake wa mavazi meusi nywele zimetimka wanakimbia na mienge, na madruidi wameinua mikono juu wanalaani. Askari wanaganda, hawasogei kabisa, mpaka jenerali anawapigia kelele. Kisha wanaua, wanachoma, na vichaka vitakatifu vinakatwa.

Wengi wanamalizia hapo. Ila wakati huohuo Boudica anachoma miji ya Warumi, Camulodunum, Londinium na Verulamium, na Paulinus analazimika kurudi mbio. Mona haikushikwa moja kwa moja mpaka Agricola mwaka 77 au 78. Kuna miaka kama 17 pale katikati ambayo Tacitus kaiachia hewa. Vichaka vimekatwa, wazee wengi wamekufa, na mahali fulani kuna mtu aliyefika mwaka wa 13 wa masomo ya miaka 20, beti anazo mpaka nusu, na mtoto wa jirani anamuuliza mwezi huu ni MAT au ANM.

Anza na huyo. Andika ukurasa mmoja leo usiku, hajibu swali bado, anaangalia juu kwanza. Ukimaliza msomee mtu kwa sauti, sio kwa macho, na popote ulimi wako unapojikwaa weka alama, kesho asubuhi rekebisha hapo tu ndiyo uendelee na ukurasa wa pili.